Tonge Linapokwama: Saratani ya Umio na Kamera Iliyo Mbali

Wagonjwa wa saratani ya umio husimulia mwanzo wa ugonjwa wao kwa maneno yanayofanana sana. Huanza na nyama. Kipande kinasimama katikati ya kifua, mtu anakisukuma kwa maji, kinashuka, anasahau. Wiki kadhaa baadaye ni tonge la ugali. Kisha wali, kisha ndizi zilizopondwa, kisha uji. Mwisho kabisa hukwama mate yake mwenyewe, na hapo mgonjwa hatoki nyumbani bila kopo la kutemea. Amekwisha kukonda kiasi kwamba majirani wanaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa mwingine.

Maumbile ya umio ndiyo yanayouficha ugonjwa huu. Ni mrija wa misuli wenye urefu wa kama sentimita 25, unaoshuka nyuma ya bomba la hewa na moyo hadi tumboni, na unapanuka vizuri mno. Uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa muda mrefu na chakula kikaendelea kupita. Mara nyingi mtu huanza kusikia kizuizi njia ikiwa imebana na kufikia upana wa milimita 13 hivi. Tena umio hauna ngozi laini ya nje inayoufunika kama ilivyo kwa utumbo, hivyo uvimbe ukishapenya ukuta unakutana moja kwa moja na bomba la hewa, mshipa mkuu wa damu na tezi za limfu zilizo kifuani. Siku mgonjwa anapolalamika kwa mara ya kwanza, ugonjwa si mchanga tena.

Na siku hiyo hasikilizwi. Zahanati inampa dawa za vidonda vya tumbo. Duka la dawa linamuuzia nyingine za aina hiyohiyo. Wapo wanaoambiwa wana kimeo, wakakatwa, wakarudi nyumbani na kidonda kooni huku tatizo likiwa sentimita nyingi chini yake. Kipimo kinachotoa jibu kinajulikana: mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni, daktari anaangalia umio wote, anachukua kinyama, maabara inasoma. Lakini kipimo hicho kiko mkoani au katika hospitali ya rufaa, na mgonjwa yuko kijijini.

Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wamekuwa wakiuliza kwa nini saratani hii imekaa upande huu wa Afrika. Swali ni zuri na majibu yake yanaanza kupatikana, nami nitayaeleza. Lakini kuna swali la pili ambalo limepewa nafasi ndogo mno: kati ya tonge la kwanza kukwama na kamera ya kwanza kuingia, miezi inakwenda wapi? Naamini wagonjwa wetu wengi wanapotelea hapo.

Ukanda wenyewe unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Uganda na Tanzania, unashuka Malawi hadi jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini. Wataalamu huuita ukanda wa saratani ya umio wa Afrika. Afrika Magharibi ugonjwa huu ni nadra, tofauti iliyowashangaza madaktari tangu enzi za hospitali za misheni. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago nchini Uganda na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya watoto ya taya, alikuwa na desturi ya kukusanya taarifa za magonjwa kutoka hospitali za vijijini na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 1971 Paula Cook alichapisha uchambuzi mpana wa saratani ya umio barani Afrika, akaonyesha kwamba maeneo yenye wagonjwa wengi yaliendana kwa kiasi fulani na maeneo ambako pombe hutengenezwa kwa mahindi. Pombe hiyo ikawa mshukiwa wa kwanza.

Kisha likaja jambo la umri. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya Tenwek, iliyoko Bomet katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, waliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wao wa saratani ya umio walikuwamo vijana wa chini ya miaka 30. Kwingineko duniani huu ni ugonjwa wa wazee. Kijana wa miaka 25 hajavuta sigara wala kunywa pombe kwa miongo mingi kiasi cha kuharibu umio kwa njia iliyozoeleka. Kuna kitu kingine kinachoanza mapema, pengine utotoni.

Aina ya saratani inayopatikana huku ni ile ya seli bapa, seli zinazotandika umio kwa ndani. Ulaya Magharibi na Marekani inayoongoza ni aina nyingine, inayoota sehemu ya chini ya umio kwa watu waliosumbuliwa miaka mingi na asidi inayopanda kutoka tumboni, hasa wenye uzito mkubwa. Huko sehemu kubwa ya fedha za utafiti, vifaa na majaribio ya dawa imeelekezwa kwenye saratani hiyo ya asidi, kwa sababu ndiyo inayowapata wenye fedha. Anayeleta kifaa cha huko bila kuuliza kilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa upi anaweza kutupotezea miaka.

Katika muongo uliopita utafiti wa chanzo ulipata nguvu mpya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo Lyon, Ufaransa, liliungana na watafiti wa Eldoret, Moshi na Blantyre, wakawalinganisha wagonjwa na watu wasio na ugonjwa, wakiwauliza maswali yaleyale kwa utaratibu uleule. Pombe na tumbaku zilithibitika, kama ilivyotarajiwa. Busaa na chang'aa, pamoja na pombe za kiwandani, ziliongeza hatari kadiri kiasi kilivyoongezeka. Lakini wagonjwa wengi, hasa wanawake, hawakuwahi kunywa pombe wala kuvuta. Kwao ilibidi kutafuta mengine: meno yaliyooza au kung'oka, madoa ya meno yanayotokana na maji yenye floridi nyingi (wakazi wa Bonde la Ufa, Arusha na Kilimanjaro wanayajua vizuri), moshi wa kuni jikoni. Huko Bonde la Ufa pia ulipimwa mursik, maziwa mgando ya Wakalenjin yanayotiwa mkaa na kuhifadhiwa kwenye kibuyu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ndani yake asetaldehidi nyingi, kemikali ileile ambayo mwili huitengeneza mtu akinywa pombe.

Chai nimeiweka peke yake, kwa sababu inahusu karibu kila nyumba.

Mwaka 2016 shirika hilo la Lyon liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Haijalishi ni chai, kahawa au maji matupu. Kinachounguza ni joto. Kabla ya hapo, watafiti wa Moshi walikuwa wamefanya jambo rahisi na la busara: waliwaandalia wakazi wa Kilimanjaro chai, wakapima joto pale mtu anapoanza kuinywa kwa mazoea yake. Wastani ulikuwa nyuzi 70.6. Waliokunywa chai ya maziwa walianza ikiwa ya moto zaidi, kwa karibu nyuzi 2, kuliko waliokunywa ya rangi, na waliimaliza haraka zaidi. Kisha ikaja kazi ya Eldoret, iliyochapishwa mwaka 2019: walioeleza kwamba hunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari kama mara 3.7 ya wale wanaokunywa vuguvugu.

Utafiti wa namna hii una mapungufu yake. Mtu aliyekwisha kuambiwa ana saratani ya umio anaweza kukumbuka chai yake tofauti na asiyeugua. Hata hivyo matokeo kama hayo yamepatikana pia kaskazini mwa Iran, mkoa wa Golestan, ambako watu wapatao 50,000 walisajiliwa wakiwa wazima na kufuatiliwa kwa miaka, na joto la chai yao likapimwa kwa kipimajoto badala ya kutegemea kumbukumbu. Jamii mbili zisizofahamiana, chai mbili tofauti, na jibu moja. Sioni sababu ya kusubiri zaidi kabla ya kuwaambia watu waache kikombe kipoe. Ushauri huu haugharimu shilingi, haumnyimi mtu chai yake, na hauhitaji sheria yoyote.

Pamoja na hayo yote, chanzo kimoja kikuu hakijaonekana. Mwaka 2021 jarida la Nature Genetics lilichapisha kazi iliyosoma vinasaba vyote vya uvimbe 552 wa saratani hii kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwamo. Wazo lilikuwa hili: kemikali inayosababisha saratani huacha alama ndani ya vinasaba, kama moshi wa sigara unavyoacha alama yake kwenye mapafu. Kama kuna sumu moja iliyojificha katika ukanda wetu, alama yake ingeonekana Eldoret na isionekane Uingereza. Haikuonekana. Alama za nchi zenye wagonjwa wengi zilifanana kwa kiasi kikubwa na za nchi zenye wagonjwa wachache.

Wapo walioyachukulia matokeo hayo kama kushindwa. Mimi nayaona ni msaada mkubwa, kwa sababu yanatutoa katika msako wa mchawi mmoja. Huenda mambo mengi madogo, joto, moshi, meno mabovu, lishe duni, pombe, yanauchubua umio mwaka baada ya mwaka na kuulazimisha kujijenga upya kila mara, hadi seli moja inapokosea. Kama ndivyo, hakuna siku mtafiti atakapotoka maabara na jina la adui ili serikali impige marufuku. Kazi ya kinga itabaki kuwa ya polepole, na hatuwezi kuitumia kama sababu ya kuahirisha tiba.

Wachina waliligundua hili mapema. Wilaya ya Linxian, mkoani Henan, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Walijaribu vitamini na madini kwa karibu watu 30,000 kuanzia miaka ya 1980, lakini nguvu kubwa baadaye waliielekeza kwenye kugundua mapema. Njia yao ni ya kupendeza kwa urahisi wake. Daktari akiwa na kamera ndani ya umio anapulizia maji ya iodini. Seli zenye afya zina sukari ya akiba, zikikutana na iodini zinageuka kahawia. Seli zilizoanza kuharibika hazina sukari hiyo, zinabaki za rangi hafifu. Doa ambalo jicho lisingeliona linajitokeza, linachukuliwa kinyama, na likiwa baya linaondolewa kwa kupitia kamera ileile bila kupasua kifua. Katika wilaya ya Cixian, mkoani Hebei, vijiji vilivyopimwa mara moja tu vililinganishwa na visivyopimwa. Baada ya miaka 10, waliokufa kwa saratani ya umio walikuwa asilimia 3.35 katika vijiji vilivyopimwa na asilimia 5.05 katika vile vingine.

Tenwek walijaribu iodini hiyo kwa watu 305 wasio na dalili yoyote, na mwaka 2016 wakaeleza walichokiona: 44 kati yao, yaani asilimia 14.4, walikuwa na mabadiliko ya seli yanayoweza kuelekea saratani. Wengi walikuwa katika daraja la chini, ambalo kwa mtu mwingine halitafika popote. Lakini hesabu hiyo inatisha ukikumbuka kwamba watu hao walikuwa wakila ugali wao bila shida.

Je, tuwapime wote? Hapa sikubaliani na wenye haraka. Madaktari na wahudumu wanaoweza kutumia kamera ya umio Afrika Mashariki hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja. Ukiwapeleka kuwapima wazima, wanaokwamwa na tonge watasubiri zaidi. Kuna tumaini katika sponji ndogo iliyokunjwa ndani ya kidonge: mtu anaimeza ikiwa na uzi, inafunguka tumboni, inavutwa na kutoka na seli za umio. Muuguzi anaweza kuifanya katika kituo cha afya. Lakini iliyojaribiwa zaidi, ile ya watafiti wa Cambridge, ilikusudiwa ile saratani ya asidi, na kipimo chake cha maabara hutafuta seli za aina hiyo. Kwa seli bapa za huku inahitaji kipimo chake. Hiyo ndiyo kazi ambayo ningependa kuona vyuo vikuu vyetu vikiigombea, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye sababu kubwa ya kuifanya.

Sasa tuje kwenye tiba, ambako ndiko ubingwa wa daktari una uzito wake.

Upasuaji wa kuondoa umio ni miongoni mwa pasuaji kubwa zinazofanywa kwa binadamu. Tumbo na kifua vinafunguliwa, umio unatolewa, tumbo linafanywa bomba na kuvutwa juu kuunganishwa na kipande kilichobaki. Kiungo hicho kikivuja, mgonjwa yuko hatarini. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa hospitali za Marekani ulionyesha kwamba katika hospitali zinazofanya upasuaji huu mara chache sana kwa mwaka, vifo vilifikia asilimia 20 na ushei, na katika zile zinazoufanya mara nyingi vilikuwa chini ya asilimia 10. Mkono wa mpasuaji ni sehemu tu ya sababu. Kuna mtaalamu wa nusukaputi, kuna wauguzi wa chumba cha uangalizi, kuna timu nzima iliyozoea kuona uvujaji siku ya tatu badala ya siku ya saba. Uholanzi ilichukua uamuzi mgumu: tangu mwaka 2011 hospitali isiyofikisha pasuaji 20 za umio kwa mwaka hairuhusiwi kuufanya upasuaji huo. Huko huko Uholanzi ndiko jaribio lililochapishwa mwaka 2012 lilipoonyesha faida ya kumpa mgonjwa dawa za kemo na mionzi kabla ya kisu: nusu ya waliopata matibabu hayo waliishi zaidi ya miezi 49, ikilinganishwa na miezi 24 kwa waliopasuliwa moja kwa moja. Kwa saratani ya seli bapa, iliyo yetu, faida ilikuwa kubwa zaidi.

Somo kwa Tanzania na Kenya naliona wazi, ingawa halitapendwa na kila mkurugenzi wa hospitali. Kila hospitali ya rufaa haihitaji kuwa na upasuaji wa umio. Vituo vichache, viwili au vitatu kwa nchi, vyenye kemo, mionzi, wapasuaji wa kifua na uangalizi maalumu chini ya paa moja, vitaokoa wengi kuliko kumi vinavyopasua mgonjwa mmoja kila baada ya miezi miwili. Kamera inahitaji sera iliyo kinyume kabisa: isambae. Ifike hospitali ya wilaya, ishikwe na daktari wa kawaida au tabibu aliyefunzwa, isiachwe mikononi mwa bingwa mmoja wa mkoa mzima. Kwa sasa tunaelekea kufanya kinyume chake. Kamera tumeifungia juu, na kisu kila mmoja anakitaka.

Tena kamera haitakaa bure ikisubiri saratani. Ukanda wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo, kinachokakamaza ini na kuvimbisha mishipa ya damu ndani ya umio. Mgonjwa anatapika damu nyingi ghafla, na tiba yake ni kuifunga mishipa hiyo kwa mipira midogo, kwa kutumia kamera. Watoto waliokunywa magadi makali au asidi iliyowekwa kwenye chupa ya soda wanahitaji umio wao upanuliwe tena na tena. Wapo wenye akalasia, ambao mlango wa chini wa umio umekataa kulegea, na wamehesabiwa kuwa na saratani bila kuwa nayo. Hao wote wanapona au wanapata nafuu kubwa, na wote huanzia kwenye kipimo kimoja.

Wengi watafika wakiwa wamechelewa kwa upasuaji hata tukifanya yote haya. Kwao kuna stenti, bomba la wavu wa chuma linaloingizwa likiwa limekunjwa na kufunguka lenyewe pale umio ulipobana. Tenwek, wakiongozwa na daktari mpasuaji Russell White, walijifunza kuiweka kwa kamera bila mashine ya eksirei, kwa dakika chache, na mwaka 2009 walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900. Watu waliokuwa wakimeza vimiminika kwa shida walirudi kula chakula. Nusu ya waliofuatiliwa waliishi zaidi ya siku 250. Si tiba ya kuponya, na asije mtu akaiuza hivyo. Ni miezi minane ya kukaa na familia na kula chakula kilekile, badala ya kufa kwa njaa ukiwa na sahani mbele yako. Bei ya kawaida ya stenti moja katika nchi tajiri huzidi dola 1,000. Muungano wa watafiti wa saratani ya umio Afrika umehangaikia kuishusha kwa mazungumzo na watengenezaji, na hiyo naihesabu kuwa kazi yenye thamani sawa na utafiti wowote wa maabara.

Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha msingi wanapaswa kuangalia mambo mawili madogo: kipimo cha kamera ya umio, na stenti. Bila hayo, mkulima wa Rombo mwenye kadi ya bima na yule asiye nayo wataishia kwenye kopo lilelile la mate. Duniani, mwaka 2022 walikadiriwa watu 511,000 waliogunduliwa na ugonjwa huu na 445,000 waliokufa nao. Tofauti ndogo kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoeleza jinsi wagonjwa wanavyofika hospitali wakiwa wamechelewa.

Wewe unayesoma, kama chakula kinakukwama kwa zaidi ya wiki mbili, au unamwona mzazi wako anasukuma kila tonge kwa maji na kuhamia kwenye uji bila kusema sababu, usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya asidi peke yake. Kitaje kipimo kwa jina lake, kamera ya umio, na uulize kinafanyika wapi na siku gani. Mgonjwa anakwenda bila kula tangu usiku, koo linapuliziwa dawa ya ganzi, na kipimo chenyewe mara nyingi hakizidi robo saa.